Nitakuja au nitapiga? Safari ya Kiamhari kwenda Kilatini na kurudi

Onyo dogo kabla sijaanza: leo nimechanganya maandishi ya Kihabeshi humu ndani. Ukiona visanduku vitupu mahali palipostahili kuwa na herufi, usilaumu macho yako, ni kifaa chako kimekosa fonti. Tena visanduku hivyo ni sehemu ya hadithi yenyewe.

Mwenzangu mmoja kazini ni Mhabeshi aliyezaliwa na kulelewa hapa Nairobi. Marehemu babake alifanya kazi ng'ambo miaka mingi, na kuanzia 1996 mpaka 2003 alimwandikia mkewe barua pepe karibu kila wiki. Nyumbani hawakuwa na kompyuta. Kijana alikuwa anatumwa saiba, analipia dakika zake, anachapisha barua kwenye karatasi, kisha anarudi kumsomea mamake kwa sauti. Si kwamba mama hajui kusoma. Anasoma vizuri sana, lakini anasoma fideli, yaani herufi za Kihabeshi, na barua zile zote zilikuwa Kiamhari kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini, hizi hizi tunazotumia sisi. Kwa hiyo kwa miaka yote hiyo mke alisomewa barua za mumewe na mtoto wao. Hebu fikiria jinsi mtu anavyochagua maneno akijua hivyo.

Juzi juzi mama akaomba jambo moja: barua zile zirudishwe kwenye fideli azisome mwenyewe. Mwenzangu akaniletea faili ya maandishi matupu, akaniambia, "Wewe si ni mwanaprogramu? Andika kiprogramu, ni kazi ya jioni moja." Nami nikakubali, maana nilidhani kweli ni kazi ya jioni moja. Sentensi ya kwanza niliyoijaribu ni hii:

Bemeskerem emetalehu. Kale new.

Programu ikatoa hivi:

በመስከረም እመታለሁ። ካለ ነው።

Mwenzangu alipoisoma alicheka mpaka machozi yakamtoka. Baba alikuwa ameandika kwamba mwezi wa Meskerem, ambao kwao huanza katikati ya Septemba, atakuja. Programu yangu ilisema mwezi wa Meskerem atapiga. Kuja ni መጣ na kupiga ni መታ. Kwa sikio la Mhabeshi hizo ni sauti mbili tofauti kabisa: ya pili ni t ya kawaida, ya kwanza ni t inayotamkwa kwa kubana koo na kuiachia ghafla. Kwa Kilatini cha barua pepe zote mbili ni t tu. Na hilo "kale new" la mwisho? "Hata mimi sijui," akasema. "Nilikuwa nasoma tu 'kalle new', mama anatikisa kichwa, tunaendelea."

Basi jioni moja ikawa miezi miwili, na nusu ya miezi hiyo niliitumia kusoma historia badala ya kuandika programu. Nawapa niliyoyapata.

Tuanze na fideli zenyewe. Mkenya yeyote aliyepita darasa la kwanza anakumbuka ba, be, bi, bo, bu. Fideli ni chati ile ile, ila kila kisanduku kina alama yake moja. Huandiki b kisha u, unaandika alama ya "bu" moja kwa moja: ቡ. Umbo la msingi linabaki lile lile na irabu hujulikana kwa mkia, mguu au kipete kinachoongezwa. Umbo hilo limetokana na maandishi ya kale ya Arabia ya Kusini ambayo hayakuonyesha irabu, na irabu ziliongezwa katika karne ya 4, zama za Mfalme Ezana wa Aksum. Kila konsonanti ina nafasi saba, na majina ya nafasi hizo yatamchekesha Mswahili: baada ya mbili za kwanza zinakuja salis, rabi, hamis, sadis na sabi. Ndiyo, ni ndugu wa thelathini, robo, Alhamisi, sudusi na saba. Kige'ez na Kiarabu ni wa ukoo mmoja, na sisi tumekopa kwa jirani.

Kiamhari kina safu 33 za msingi, mara nafasi saba unapata alama 231, kabla hujaongeza zile za "lwa", "kwa" na "gwa". Sasa, nafasi ya sita ndiyo ya kuangalia. Hiyo ni konsonanti isiyo na irabu, au yenye kairabu kafupi kasichosikika vizuri. Maandishi hayasemi ni lipi kati ya hayo, msomaji anajua mwenyewe. Vilevile fideli hazionyeshi konsonanti inapokazwa: አለ ni "alisema", na አለ ni "yupo", tofauti ni kukaza l tu. ገና ni "bado", na ገና ni Krismasi. Kwa hiyo hata fideli zina siri zao, na kwa mtu anayezirudisha kutoka Kilatini hiyo ni afueni, maana baba akiandika gena sihitaji kujua kama alimaanisha Krismasi.

Shida iko upande mwingine. Kiamhari kimerithi herufi za Kige'ez, lugha ya kanisa, lakini si sauti zake zote. Zamani ሀ, ሐ na ኀ zilikuwa h tatu tofauti. Katika Kiamhari zote ni h moja. ሰ na ሠ zote ni s. ጸ na ፀ ni sauti moja, አ na ዐ vilevile. Tena h hizo tatu, nafasi ya kwanza na ya nne zote husomwa "ha". Chukua neno la jua, tsehay. Herufi ya kwanza ina uwezekano mara mbili, ya pili mara sita, jumla njia 12 za kuliandika neno moja na zote zisomeke sawa. Waliosoma vizuri huandika ፀሐይ. Wapo waliopendekeza zamani kwamba herufi hizi pacha zipunguzwe ibaki moja moja, na wapo wanaosema ukizipunguza unavunja ukoo wa maneno, kwani ሠዓሊ ni mchoraji na ሰአሊ ni mwombaji. Mimi si Mhabeshi, siingilii. Nasema tu kwamba tofauti hiyo iko kwenye karatasi na haiko mdomoni, kwa hiyo anayeandika Kilatini kwa kufuata mdomo anaiacha nyuma bila hata kujua kwamba kulikuwa na kitu cha kubeba.

Kupiga chapa fideli si jambo jipya. Zaburi ya Kige'ez ilichapwa Roma mwaka 1513, kazi ya Mjerumani Johannes Potken aliyejifunza kwa mahujaji wa Kihabeshi waliokuwa huko. Hiyo ni miaka 15 tu baada ya Vasco da Gama kutia nanga Mombasa. Agano Jipya likafuata 1548, likisimamiwa na mtawa wa Kihabeshi, Tesfa Seyon. Kwa hiyo usimwamini mtu anayekwambia maandishi haya "hayafai kwa mashine". Mashine ya kwanza iliyakubali karne tano zilizopita.

Hapa kuna kiungo cha kwetu ambacho sikukitegemea. Johann Ludwig Krapf, yule yule wa Rabai, kabla ya kufika Mombasa mwaka 1844 aliishi Shewa kuanzia 1839 hadi 1842, kwenye milki ya Mfalme Sahle Selassie. Fideli alizijua. Hata hivyo Kioromo alikiandika kwa herufi za Kilatini, na alipofika Pwani akakiandika Kiswahili kwa Kilatini pia, ingawa alikuta Waswahili wana maandishi yao ya Kiarabu tangu zamani. Sisi tulivuka na hatukurudi. Tuliacha nini njiani? Muulize mtu wa Mombasa atamke paa la nyumba na paa wa mwituni, au kaa la moto na kaa wa baharini. Kwa Kimvita ni maneno mawili, yule mnyama hutamkwa kwa pumzi. Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyefariki 1890, aliongeza alama kwenye herufi za Kiarabu ili mambo kama hayo yaonekane. Tahajia yetu ya leo haiyaonyeshi. Narudi Ethiopia.

Mashine ya taipu ndiyo iliyoleta tatizo la kwanza la kweli, kwa sababu vibonye ni vichache. Mhandisi Ayana Birru, kabla ya uvamizi wa Waitaliano wa 1935, alitengeneza taipureta ya Kiamhari kwa kuzivunja herufi vipande: unapiga umbo la msingi, kisha unapiga mkia wake. Ilifanya kazi, ingawa herufi zilitoka zimepinda kidogo.

Kisha ikaja kompyuta. ASCII ina nafasi 128 tu na Waingereza na Wamarekani wamezijaza. Kompyuta za baadaye ziliongeza nafasi nyingine 128, lakini 231 na ushei haziingii kwenye 128. Miaka ya 1980 watu kama Fesseha Atlaw walianza kutengeneza programu za kuandikia Kihabeshi, na serikali kupitia tume yake ya sayansi na teknolojia ikatoa ya kwake, Agafari. Zikafuata nyingine nyingi, na kila moja ilipanga herufi ilivyotaka. Baadhi ziligawa herufi kwenye fonti mbili ili zitoshe. Ukiandika barua kwa programu moja, mwenzako mwenye nyingine anaona takataka. Kama uliwahi kutuma faili ikafika na maua na vichwa vya mishale, unajua ninachosema.

Sasa weka picha ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wahabeshi wengi wako Marekani na Ulaya, barua pepe imeanza kuenea vyuoni, na barua pepe hiyo inapitisha ASCII tupu. Wafanye nini? Waandike kwa Kilatini. Na kila mtu akaandika alivyojaliwa: aliyesoma Kiingereza kivyake, aliyesoma Kifaransa kivyake, aliyekulia Asmara kwa tahajia ya Kiitaliano.

Hapo ndipo walipoingia Yitna Firdyiwek na Daniel Yacob na mfumo walioupa jina SERA, yaani mfumo wa kuwakilisha Kihabeshi ndani ya ASCII. Nimeusoma kwa makini na naomba mwanaprogramu yeyote ausome, kwa sababu walijiuliza swali ambalo wengine hawakujiuliza: tutarudije? Wataalamu wa ramani wa Marekani na Uingereza walikuwa na mfumo wao tangu 1967, mzuri kwa kumsomea mgeni jina la mji, lakini h zote wameziandika h, s zote s. Ni barabara ya kwenda tu. SERA ni ya kwenda na kurudi. Herufi kubwa na ndogo wakazipa kazi tofauti: t ni ተ na T ni ጠ, s ni ሰ na S ni ጸ, h ni ሀ na H ni ሐ. Herufi pacha zilizobaki zikatanguliwa na kialama cha nukta ya nyuma, kwa hiyo `s ni ሠ na `S ni ፀ. Irabu ya nafasi ya kwanza ni e, ya tano ni E. Na mahali konsonanti inapokutana na irabu isiyo yake wakaweka ritifaa. Malaika ni መልአክ, kwa SERA mel'ak. Ukisahau ritifaa unapata melak, መላክ, yaani "kutuma". Mswahili asicheke, maana sisi tuna ng'ombe, na kwenye rununu tunaandika ngombe kila siku.

Kwa SERA barua ikitumwa Kilatini, programu upande wa pili inaweza kuitoa fideli ile ile bila kubahatisha. GNU Emacs toleo la 20, la mwaka 1997, ilikuja na kazi hiyo ndani yake, iliyoandikwa na Mjapani, Naoto Takahashi. Mpaka leo ukifungua Emacs utakuta amri inayoitwa ethio-sera-to-fidel-region. Daniel Yacob naye alikuwa na mtambo wa wavuti, LiveGe'ez, ambapo makala ilihifadhiwa kwa SERA na kila msomaji akatolewa kwa fonti aliyo nayo.

Unicode ilipotoa toleo la 3.0 mwaka 1999, fideli zikapata makao yao: alama 345. Mpangilio wake ni raha ya mwanaprogramu. Kila safu imeanza kwenye namba inayogawika kwa nane, na irabu zinafuatana, isipokuwa safu chache zenye mapengo. Kwa hiyo selam ni hesabu ya kujumlisha. Safu ya s inaanza 1230 kwa hesabu ya kumi na sita, irabu e ni 0, unapata 1230, ሰ. Safu ya l inaanza 1208, irabu a ni 3, unapata 120B, ላ. Safu ya m inaanza 1218, bila irabu ni 5, unapata 121D, ም. ሰላም. Mistari thelathini ya programu na umemaliza. Hiyo ndiyo jioni moja niliyoahidiwa.

Ungedhani hadithi inaishia hapo, 1999. Haikuisha, kwa sababu namba ndani ya kiwango si herufi kwenye kioo. Windows haikuja na fonti ya Kihabeshi, Nyala, mpaka Vista mwaka 2007. Simu za mkononi zilichelewa zaidi. Na hata simu yenye fonti ilikuwa na hesabu yake: ujumbe mfupi wa Kilatini unabeba herufi 160, ukiweka herufi moja tu ya fideli ujumbe mzima unashuka hadi 70. Kweli, fideli moja hubeba silabi nzima, lakini bado mtu aliona anapunjwa. Ethiopia yenyewe SMS zilizimwa baada ya uchaguzi wa 2005 na hazikurudi mpaka 2007. Ziliporudi watu waliandika kwa herufi zilizokuwa kwenye kibonye, yaani Kilatini, na si kile cha SERA. Nani ataanza kubonyeza herufi kubwa katikati ya neno kwenye Nokia? Kizazi kizima kikazoea, na mazoea yakahamia Facebook na Telegram.

Kilatini hiki cha mtaani ndicho kinachoumiza kichwa. Herufi kubwa zimerudi kuwa mapambo ya mwanzo wa sentensi, e inabeba nafasi ya kwanza, ya tano na ya sita, k ni ከ au ቀ, ch ni ቸ au ጨ. Neno la shukrani, አመሰግናለሁ, nimelikuta limeandikwa ameseginalehu, amesegnalehu na amesegnalew. Ndani yake gn ni g na n zilizokutana. Lakini katika amarigna, lugha ya Kiamhari yenyewe, አማርኛ, gn hiyo hiyo ni sauti moja, ny yetu ya nyama. Tena usidhani kila Kilatini unachokiona Ethiopia ni Kiamhari kilichokosa fonti: Waoromo walichagua Kilatini rasmi mwaka 1991, na kwao hiyo ndiyo tahajia, hakuna cha kurudisha.

Majina ndiyo balaa kubwa. Mtie kwenye programu Addis Ababa, herufi kwa herufi, na inakutolea አድዲስ አባባ. D mbili ni za Kizungu, fideli zinataka moja, hilo ni rahisi. Lakini a ya pili ya Ababa si a, ni ile irabu ya nafasi ya kwanza: አበባ, ua. Addis Ababa ni Ua Jipya. አባባ ni neno jingine, ni "baba" au "mzee" kwa heshima. Waethiopia waliokua wakitazama televisheni watamkumbuka Ababa Tesfaye, msimulizi wa hadithi za watoto aliyefariki 2017. Kwa hiyo programu ilikuwa imegeuza mji mkuu kuwa Mzee Mpya. Wafaransa wanaoandika Addis-Abeba wako karibu zaidi na ukweli kuliko sisi.

Na Haile je? Wakenya tuna deni na jina hilo, tangu Sydney mwaka 2000 alipompita Paul Tergat kwenye mita 10,000 kwa sehemu tisa za mia za sekunde. Jina la mkimbiaji ni ኃይሌ. La mfalme, Haile Selassie, ni ኃይለ. Angalia herufi ya mwisho: ya mkimbiaji ni nafasi ya tano, ya mfalme ni ya kwanza, kwa sababu la mfalme ni nusu ya kwanza ya jina lenye "ya" ndani yake, Nguvu ya Utatu. Kilatini ni Haile na Haile. Hakuna sheria utakayoiandika ya kutenganisha hao wawili kwa kutazama herufi tano hizo. Lazima utazame neno linalofuata, na lazima uwe unajua habari za mfalme.

Nilikwama hapo muda. Kilichonisaidia ni kugeuza swali. Badala ya kuuliza "neno hili la Kilatini linageuka fideli gani", nikauliza "ni neno gani la kweli la fideli ambalo mtu mvivu angeliandika hivi". Nikachukua maandishi mengi ya Kiamhari, Wikipedia yao na magazeti, nikakusanya maneno, na kila neno nikaliharibu kwa kila njia ya uvivu niliyoijua: ጠ ikawa t, ቀ ikawa k, nafasi ya sita mara i, mara e, mara kimya. Nikapata kamusi ya makosa. Neno la barua likija, programu inatafuta asili zake na kuchagua iliyo ya kawaida zaidi, kisha inatazama jirani zake. "Kuja" hutokea mara nyingi kuliko "kupiga", na hivyo baba akaacha kupiga. Mitambo ya kujifunza ya siku hizi inafanya jambo hilo hilo kwa ukubwa zaidi.

Kamusi peke yake haitoshi, na Mswahili ataelewa upesi kwa nini. Huwezi kupata "sikukuambia" kwenye kamusi. Kiamhari nacho ni hivyo: አልነገርኩህም ni neno moja, ukanushi, mtenda, mtendwa na wakati vyote vimebebana. Ikabidi nifundishe programu kuvua viambishi kabla ya kutafuta.

Halafu nikagundua kitu ambacho ningekiona siku ya kwanza kama ningesoma faili yote badala ya kukimbilia kibodi. Barua za 1996 na 1997 zilikuwa za SERA. Sijui baba aliipata wapi, nadhani kwenye orodha za barua pepe za wenzake, lakini aliifuata kama mtu aliyefundishwa adabu. Aliandika emeTalehu, kwa T kubwa. Aliandika `SeHey, na programu ikatoa ፀሐይ bila kubahatisha. Mimi nilikuwa nimebadilisha faili yote kuwa herufi ndogo kwenye mstari wa kwanza wa programu, ili kurahisisha kazi. Kurahisisha! Kwa mstari mmoja nilikuwa nimefuta kile alichohangaikia. Kuanzia 1999 hivi T kubwa zinapungua, na kufikia 2001 hazipo tena. Labda alichoka, labda aliona kijana wake anasoma vilevile tu.

Kwa hiyo barua za mwanzo zikawa kamusi ya barua za mwisho. Maneno aliyopenda, tahajia aliyoichagua kwenye kila h na s, yote yalikuwa yamehifadhiwa pale kwa mkono wake mwenyewe. Programu ikayajifunza, na makosa yakapungua sana. Siwezi kusema yaliisha, kwani maneno aliyoanza kuyatumia baadaye hayakuwa na shahidi.

Tulichapisha kurasa zote kwa herufi kubwa za kusomeka, tukampelekea mama Jumapili moja. Alisoma bila haraka, kalamu mkononi, kama mwalimu anayesahihisha. Alifika kwenye ile ya Meskerem. Sentensi ya kwanza ilikuwa sawa sasa, nitakuja. Ya pili ilikuwa bado ካለ ነው, "ikiwa ipo", maneno yasiyo na kichwa wala miguu ambayo sisi wawili tulikuwa tumeyapita tu.

"Miaka yote hii," akamwambia mwanawe, "ulikuwa unanisomea kalle. Nikajua ana sharti. Nikajua anasema kama nauli ipo."

Akaikata ካለ kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika ቃሌ. Qalē, neno langu, ahadi yangu. Kisha akauliza kama barua inayofuata ni ya mwezi huo huo.